Kamati ya Kumsimamia Baba Zaina

Vijana wangu, sheria za kazi hii mnazijua kuliko mimi. Nyinyi mmezisoma juzi, mimi nimeanza kuzisahau. Nitawaeleza mambo yasiyomo kwenye madaftari yenu: namna ya kumfundisha mwanamume mzima akae na mwanawe saa mbili bila kumhoji kama polisi, na namna ya kumfundisha mama wa mtoto huyo akae nje ya mlango bila kuchungulia. Hilo la pili sikuwahi kulifanikisha hata mara moja.

Naitwa Adelina. Nilizaliwa kambi ya mkonge. Baba yangu alitoka kusini kuja kukata mkonge miaka miwili, akazeeka hukohuko. Nilipomaliza shule na kozi fupi nikapangiwa ofisi ya ustawi Korogwe, na Handeni nayo ikawa juu yetu, kwa hiyo nusu ya maisha yangu nimeimaliza ndani ya mabasi. Watu walikuwa wanaachana, mahakama ya mwanzo inasema mtoto akae kwa mama, baba amwone mbele ya mtu wa ustawi. Mtu wa ustawi ndiye mimi.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Singano. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja nyuma ya bohari ya mbegu, na yeye alikuwa mrefu mpaka akiingia anainama. Ana masharubu, ana koti alilovaa jua na mvua. Siku yangu ya kwanza nilimkuta amekaa kwenye kigoda, uso ameuelekeza ukutani, na mbele yake amesimama baba mmoja wa Kwamndolwa anatetemeka.

"Shikamoo mzee," yule baba akasema.

"Mimi si mzee," Mzee Singano akajibu bila kugeuka. "Nina miaka minne na nimenuna. Ongea na mimi."

Ndivyo alivyokuwa akiwaandaa. Alisema mtoto haandaliwi sana, mtoto unamwambia kweli kwa maneno machache basi. Wakubwa ndio wenye kazi. Kwa hiyo yeye alikuwa mtoto, na mzazi afanye mazoezi juu yake. Ukimuuliza "Mama yako anasemaje juu yangu?" Mzee Singano analia. Analia kwa sauti, kamasi na machozi, mpaka karani wa bohari anakuja kuangalia kuna msiba gani. Ukimuuliza "Nani anakuja nyumbani kwenu jioni?" anatambaa chini ya meza na hatoki mpaka uache. Nimemwona dereva wa lori anapiga magoti mbele ya meza ile anambembeleza mkuu wangu wa kazi kwa kipande cha muwa. Alipotoka pale yule dereva alijua kukaa na mtoto.

Mimi kwa muda mrefu sikuweza. Nikicheza mtoto nilikuwa nacheka. Kwa hiyo nikawa naandaa watu kwa maneno tu, na maneno yakanitia aibu kule Dindira. Kulikuwa na baba mchuma chai, mtu mpole sana. Nikamwambia asije na zawadi kubwa, asiulize maswali, asimkumbatie mtoto kwa nguvu, asimseme mama. Nilimwandaa mpaka hakubaki na kitu cha kufanya. Siku ya siku, yeye na mwanawe walikaa saa mbili kwenye ukungu wanatazamana, meno yanagongana kwa baridi. Hakuna aliyesema neno. Mwezi uliofuata alikiuka maagizo yangu, akaja na jogoo. Jogoo akakata kamba, akaingia kwenye chai, na baba na mtoto wakamkimbiza mpaka muda ukaisha. Niliwakuta wamelowa, wamechafuka, wanacheka, na jogoo hawajampata. Tangu siku ile nikawa nabeba karanga za kubambua kwenye mfuko wangu. Wapeni watu kitu cha kufanya kwa mikono. Macho yakiwa na pa kwenda, mdomo unafunguka wenyewe.

Sasa niwaambie habari ya Athumani na Mwanahawa, maana ndiyo iliyonifunza kazi.

Wakati wa kuhamia vijijini, Athumani alihamia kijiji kipya cha ujamaa upande wa Handeni. Mkewe Mwanahawa akakataa. Alisema nyumba ya nyasi iliyopangwa mstari kama askari wa gwaride hataingia, akamchukua binti yao Zaina na kurudi kwa mama yake Mashewa. Wakaachana. Hapo bado ni jambo la kawaida. Lakini siku moja Athumani alikuja Mashewa, akamngoja Zaina njia ya shule, akamwambia, "Twende Korogwe ukaone treni." Mtoto ana miaka saba, hajaona treni, akaenda. Walipofika Korogwe hawakwenda stesheni. Walipanda basi la Handeni. Mwanahawa alikaa siku nne hajui mwanawe yuko wapi, hai au amekufa.

Mtoto alirudishwa, mahakama ikaamua. Mwanahawa alipokuja ofisini kwetu hakulia. Alikaa akaniambia, "Dada Adelina, mimi simkatazi kumwona mwanawe. Lakini akitoka machoni mwangu hata kwenda chooni, namfuata."

Athumani nilimwandaa mimi mwenyewe, na safari hii nilijikaza nikawa mtoto. Alikuwa mwanafunzi mzuri, na hapo ndipo nilipokosea, sikuona kwamba ni mzuri kupita kiasi. Kila sentensi niliyompa aliishika neno kwa neno. "Si lazima uongee. Unaweza kucheza ukitaka. Nimefurahi kukuona." Nikampa majibu ya maswali ambayo mtoto angeweza kuuliza, akayashika yote. Nikarudi nyumbani nimeridhika.

Ilikuwa msimu wa palizi, na kule kijijini majina yanaitwa shambani kila asubuhi, kwa hiyo Athumani hakuweza kutoka. Mahakama ikakubali mtoto apelekwe kwake. Barua ikatangulia kwa mwenyekiti wa kijiji kumjulisha kwamba mtoto Zaina atakutana na baba yake chini ya usimamizi.

Tulifika mimi, Mwanahawa na Zaina, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Nilitarajia kumkuta Athumani peke yake kwenye ghala la kijiji. Nikakuta watu kumi na mmoja, tisa wamekaa kwenye mabenchi, wanaume kwa wanawake, meza imetandikwa kitambaa, na nyuma ya meza Mwenyekiti Semkiwa amevaa suti ya mikono mifupi. Pembeni yake katibu, mwalimu wa kisomo cha watu wazima, amefungua daftari jipya. Athumani alikuwa amekaa kwenye kiti peke yake katikati, kama mshitakiwa.

"Shikamoo Mwenyekiti," nikasema. "Hawa ni akina nani?"

"Marahaba. Barua ilisema usimamizi," akanijibu. "Tulikaa tukaona mtu mmoja hatoshi. Tumeunda kamati."

"Msimamizi ni mimi, Mzee."

"Wewe ni mgeni mwalikwa," akasema kwa upole kabisa. "Utakaa pale."

Nikakaa pale. Mnaweza kunicheka, lakini nilikuwa na miaka ishirini na kitu, na wale walikuwa wazee wangu, tena wamejiandaa kuliko mimi. Mwanahawa alibaki nje mlangoni kama tulivyopatana.

Katibu akasoma ajenda. Kwanza, kufungua kikao. Pili, mtoto kumsalimia baba. Tatu, baba kuongea na mtoto. Nne, mengineyo. Mwenyekiti akafungua kikao kwa hotuba juu ya watoto na kilimo cha mihogo, ndefu kiasi kwamba mama mmoja wa kamati alisinzia. Kisha akasema, "Ajenda ya pili."

Zaina akasimama. "Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu," Athumani akajibu.

"Imefanyika," katibu akasema, akapiga mstari.

Kwenye ajenda ya tatu Athumani alisimama. Sikuwahi kumwambia asimame. Akanyoosha mikono ubavuni, akatazama ukuta, na akaanza kutoa maneno yangu moja baada ya jingine. "Si lazima uongee. Unaweza kucheza ukitaka. Nimefurahi kukuona." Maneno yaleyale niliyoyaona matamu ofisini, pale yalikuwa kama anasoma tangazo la kodi. Nilitamani kuingia chini ya meza, na hapo nikamwelewa Mzee Singano.

Mzee mmoja wa kamati akanyoosha mkono. "Taarifa, Mwenyekiti. Amesema mtoto acheze. Atacheza na nini?"

Wakajadili. Mmoja akasema mpira. Mwingine akasema mpira ni wa vijana wa mgambo, hautoki bila idhini. Nikakumbuka mfuko wangu, nikaomba nafasi, nikatoa karanga. Kamati ikazipokea, ikazigawa, na dakika ile watu wote kumi na mmoja wakawa wanabambua karanga kwa bidii, Zaina akapewa nane.

"Mengineyo," Mwenyekiti akasema huku anatafuna. "Kuna mwenye la ziada?"

Zaina alikuwa darasa la kwanza. Alichojifunza shuleni mpaka wakati ule ni kwamba mtu mzima akiuliza kuna mwenye swali, unanyoosha kidole. Akanyoosha.

Mwenyekiti akatazama huku na huku. "Mtoto ana nafasi," akasema mwishowe. "Simama useme."

Zaina akasimama, karanga mkononi. "Naomba kuuliza. Treni iko wapi?"

Katibu akaangalia ajenda kana kwamba treni imeandikwa mahali akaipita.

"Treni gani?" Mwenyekiti akauliza.

"Baba alisema twende tukaone treni. Tukapanda basi. Nikawa nachungulia dirishani, nikasubiri mpaka nikalala. Hatukuiona."

Nilikuwa nimempa Athumani majibu yasiyopungua ishirini, na hakuna hata moja lililofaa hapo. Nilimwona anatafuta, macho yanapanda na kushuka. Kisha akafanya jambo ambalo hakufundishwa na mtu. Alikiacha kiti akakaa chini, sakafuni, penye maganda ya karanga, uso wake ukawa sawa na wa mtoto.

"Sikukupeleka," akasema. "Nilikudanganya ili uje na mimi. Treni haikuwepo njia ile. Nilijua."

Kalamu ya katibu ikasimama. "Mwenyekiti, hili niliandike?"

Mwenyekiti akamtazama Athumani.

"Liandike," Athumani akasema bila kugeuka.

Likaandikwa. Nilitazama mlangoni. Mwanahawa alikuwa ameingia mzima mzima ndani, hata kujificha ameacha, ameshika fremu ya mlango. Zaina alifikiri kidogo, akampa baba yake karanga mbili. Wakabambua pamoja.

Kamati ikakaa kando, ikarudi na azimio: kwa kuwa mkazi wa kijiji hiki alimwahidi mtoto treni, kijiji kitahakikisha mtoto anaiona. Kukutana kwa pili kutafanyika stesheni ya Korogwe. Nikauliza nani atasimamia huko. Mikono kumi na mmoja ikainuka pamoja. Baadaye nikaja kujua kwamba saba kati yao nao walikuwa hawajawahi kuiona treni.

Mwanahawa alisikia habari ya stesheni, na tulipofika Korogwe akanifuata mpaka ofisini. Ofisini ndipo akasema. "Dada, basi tu lilinishinda. Treni nitaikimbilia vipi? Akipanda naye, ni mpaka Moshi."

"Watu kumi na mmoja watakuwa wanamwangalia."

"Wale?" akasema. Akafikiri. "Basi avue viatu. Nivishike mimi. Mtu hawezi kwenda Moshi pekupeku."

Nililipeleka kwa Mzee Singano nikidhani atacheka. Alilipima kama hakimu, akazungusha masharubu, akasema halikatazwi na sheria yoyote anayoijua, na kama litamfanya mama apumue, litekelezwe. Vijana, hilo mlishike. Mzazi mwenye hofu hapimwi kwa akili yenu. Muulize nini kitamtuliza, na kama kinawezekana kifanyeni, hata kama mtaonekana wajinga. Nilipomwambia Athumani, hakubisha. Alisema tu, "Achukue na kofia."

Siku hiyo wakashuka kwenye lori la mahindi, kamati nzima, wamevaa za sikukuu. Mkuu wa stesheni aliona watu kumi na mmoja na daftari wanapanda jukwaani kwake, akajua ni ukaguzi. Akaanza kueleza kwa nini treni imechelewa kabla hajaulizwa. Mwenyekiti Semkiwa alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia maelezo yake yamepokelewa, na katibu akayaandika. Tukaletewa mabenchi. Wafagizi wakafagia jukwaa mara mbili.

Mwanahawa alikaa kwenye benchi na katambuga za Athumani, zile za tairi, mapajani, kofia juu yake, kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Athumani alisimama pekupeku na Zaina. Mpango ulikuwa kwamba kila mlango wa behewa usimamiwe na mjumbe mmoja, na mimi nisitoe jicho kwa baba.

Treni ikaja na moshi wake na kelele zake, na mpango ukafa hapohapo. Wajumbe walisahau milango. Mmoja aligusa gurudumu. Wawili walikuwa wanabishana kama maji yanaingilia mbele au nyuma. Yule mama aliyesinzia ghalani alikuwa anamhoji fundi wa moto kama chakula anapika humohumo. Katibu alipanda ndani ili ahesabu viti kwa ajili ya kumbukumbu za kikao, na alipokuwa bado anahesabu, filimbi ikalia, treni ikaondoka naye. Alitoa kichwa dirishani, ametulia, daftari mkononi. Mwenyekiti alitembea sambamba na behewa mpaka mwisho wa jukwaa. "Andika saa ya kuondoka," akamwambia.

Na mimi nilikuwa natazama hayo. Nawaambia wazi, maana aibu yake imeshaisha: mimi niliyelipwa kumwangalia Athumani nilikuwa namwangalia katibu anakwenda Mombo. Nilikumbuka kazi yangu. Nikageuka.

Athumani alikuwa palepale. Saruji ilikuwa ya moto kama kikaango, anainua mguu huu anaushusha, anainua ule, lakini hajasogea, mkono wa Zaina ndani ya mkono wake. Mbele yao migongo ya kamati ilikuwa imeziba kila kitu. Mtoto alikuwa anaruka-ruka, haoni hata bomba la moshi. Athumani alinitazama. Nilikuwa nimemfundisha kwamba mtoto habebwi mpaka msimamizi akubali, naye, kama nilivyosema, alikuwa mwanafunzi mzuri.

Kabla sijafungua mdomo Mwanahawa alishafika. Alizitupa katambuga chini mbele ya miguu ya Athumani.

"Vaa, unaungua," akamwambia. "Na mbebe huyo. Mtoto haoni kitu."

Akavaa, akampandisha mabegani. Mabehewa yalikuwa yanaishia. Zaina aliyahesabu kwa kidole, akapata matatu.

"Yameisha?" akauliza.

"Yameisha," Athumani akasema. "Yatakuja mengine."

"Usimwahidi," Mwanahawa akasema.

"Sijasema lini."

Katibu alirudi kesho yake na treni ya kushuka, kumbukumbu zimekamilika mpaka idadi ya vyoo. Na kamati, baada ya mafanikio yale, ikakolea. Ilituandikia barua kutaka kukutana kwa mtoto na baba kufanyike kila mwezi stesheni. Ikataka ripoti ya shule ya Zaina isomwe kikaoni. Ikateua wajumbe wawili wa kwenda Mashewa kukagua chakula chake, na wakaenda kweli, wakakuta ndizi na maharage, wakala, wakaandika kwamba kinaridhisha. Ikajadili ataolewa wapi.

Baada ya kukutana mara tatu zaidi, wakati wa likizo, Athumani na Mwanahawa walikuja ofisini kwetu na Zaina. Hawakuingia pamoja, mmoja alitangulia, mwingine akafuata kama hatua ishirini nyuma. Wakasema wanaomba usimamizi uondolewe.

Mzee Singano akafurahi. "Kwa hiyo mmepatana?"

"Hapana," wakasema wote wawili.

"Mimi na huyu hatupatani kwa lolote," Mwanahawa akasema. "Lakini ile kamati hatuiwezi."

"Likizo atakuja kwangu, siku ya kurudi nitamrudisha mwenyewe mpaka mlangoni," Athumani akasema. "Nitakula yamini. Ila Mzee Semkiwa asije."

Hakimu alikubali. Mimi ndiye niliyetumwa kumjulisha Mwenyekiti. Aliisoma barua mara mbili, akaikunja, akaniambia mahakama ina haki ya kuamua mambo ya mtoto, lakini kamati iliundwa na kijiji na itaendelea kukutana. Nasikia ilikutana miaka mingi, ikaja kuchimba kisima.

Siku ile walipotoka, Mzee Singano aliniambia nijaze faili. Mahali pa sababu ya kufunga shauri nikakwama. "Mzee, niandike wamepatana? Wenyewe wamekataa."

Akaja akainama dirishani. Ng'ambo ya barabara wale wawili walikuwa wamesimama, mtoto katikati yao, wanabishana basi lipi litawahi. Athumani anaonyesha huku, Mwanahawa anaonyesha kule, na Zaina ameshika mkono wa kila mmoja anayumbishwa anakopelekwa, anacheka.

"Andika wanabishana vizuri," akasema.

Nikaandika hivyohivyo. Faili likapita.